Hivi kweli tupige marufuku Kiswahili ili watoto wajue Kiingereza?

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, ila kimya changu hakikuwa na mshindo wowote, zilikuwa ni asaimenti tu na bumu kuchelewa. Sasa nimerudi, na leo nina jambo refu kidogo. Kama una kipindi saa hizi nenda kwanza darasani, utalikuta hapa hapa.

Jambo lenyewe ni ngeli. Simaanishi zile za M-WA na KI-VI (ingawa nazo zitajitokeza huko chini, subirini), namaanisha ngeli ya mtaani, yaani Kiingereza, ung'eng'e, kimombo. Wengi wenu mnajua kwamba kuna kikundi cha wanafunzi saba, nami nikiwemo, tunaofundisha watoto wa kidato cha kwanza kila Jumamosi asubuhi, mtaa wa pili tu kutoka hapa kampasi, kwenye baraza tuliyoazimwa na mama mmoja mwenye roho nzuri. Hatulipwi. Watoto ni ishirini na kitu, wote wametoka shule za msingi za serikali, Saint Kayumba kama wengi wetu, na wote tangu Januari wanasoma biolojia, jiografia na historia kwa lugha ambayo mwaka jana ilikuwa somo moja tu kati ya masomo yao.

Sasa wiki iliyopita mwenzetu mmoja, kaka ninayemheshimu sana, alileta hoja. Kuanzia muhula ujao Kiswahili kiwe marufuku pale barazani. Ukivuka kizingiti ni Kiingereza tu. Mtoto atakayeteleza atavaa kibao shingoni, na atakaa nacho mpaka amkamate mwenzake aliyeteleza. Kibao chenyewe tayari ameshakichonga, kizuri kweli, kimepigwa msasa! Tunapiga kura Jumapili hii, na kwa hesabu zangu wanne kati ya saba wameshakubali kimoyomoyo. Mimi nakataa. Nimeamua kusema hapa kwa sababu kwenye kikao nitapewa dakika kumi, na dakika kumi hazitoshi.

Kwanza niondoe wasiwasi wa wale wanaofikiri nataka kufungua mjadala wa lugha ya kufundishia sekondari. Mjadala ule ni mkubwa kuliko sisi, na ni mzee kuliko sisi. Shule za msingi zilihamia Kiswahili mwaka 1967. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifuate, zianze 1985, haikutokea. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wetu wakaona Kiingereza chao hakitoshi kusomea masomo mengine. Sera ya Elimu ya 2014 nayo iliandika kwamba Kiswahili kitumike ngazi zote. Na bado leo mtoto wa kidato cha kwanza anafunguliwa kitabu cha Kiingereza, na mtihani wa kidato cha pili unamsubiri kwa Kiingereza. Sisi wenye chaki za kununuliwa kwa mchango hatuwezi kulibadilisha hilo Jumamosi moja. Tunachoweza kuamua ni jinsi ya kumfundisha mtoto huyo misingi ya grama. Na hapo ndipo ninaposema Kiswahili si adui, ni ngazi. Tena ndiyo ngazi pekee aliyonayo.

Hebu tuangalie mambo yenyewe, maana hoja bila mifano ni kelele.

Nani hajawahi kusikia "I am go to school"? Tunacheka sana. Lakini hebu jiulize mtoto huyu ameitoa wapi. Siku ya kwanza aliambiwa "I am a boy" maana yake "mimi ni mvulana". Sawa. Baadaye anataka kusema "ninakwenda", anasikia ile "ni" pale mwanzoni, anachomeka "am". Ana mantiki kabisa! Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa "ninakwenda" ni neno moja lenye vipande, na kwamba kile kipande cha katikati, -na-, kinafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja. Mtu akikuuliza "unafanya nini hapo?" unajibu "ninasoma". Mtu akikuuliza "siku hizi unafanya shughuli gani?" unajibu vile vile, "ninasoma". Sisi tunaelewana kwa mazingira. Mwingereza hakubali, anataka kujua ni sasa hivi au ni kawaida yako. La sasa hivi anaweka "am", "is" au "are" pamoja na ile -ing mwishoni, viwili hivyo ni kama viatu, huvai kimoja ukatoka. La kawaida yako anasema "I study" akamaliza.

Na mtoto atajuaje kama ni kawaida au ni sasa hivi? Kwa Kiswahili chake! Mwambie ajaribu kuweka "hu-". "Mama huamka saa kumi na moja." Inakubali? Basi hiyo ni "Mother wakes up at five", haina "is", haina -ing. "Mama huamka sasa hivi." Haikubali? Basi hapo ni "is waking up". Tulilijaribu hili Jumamosi mbili mfululizo, na watoto ambao walikuwa wanakariri jedwali la tensi kumi na mbili kama tebo ya kuzidisha walianza kupanga sentensi wenyewe. Sasa niambieni, hilo la "hu-" ningelieleza vipi kwa Kiingereza kwa mtoto asiyejua Kiingereza?

Halafu kuna -me-. Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo penye utamu wote.

Kitabuni kumeandikwa kwamba -me- ni "have" au "has". "Nimekula", "I have eaten". "Amefika", "She has arrived". Vizuri. Mtoto wetu mmoja akaandika chini ya picha ya mtoto mchanga kitandani: "The baby has slept." Chini ya picha ya askari: "He has stood and he has worn a hat." Mwenzetu aliyekuwa anasahihisha akapiga mikasi yote kwa wino mwekundu, akaandika jibu sahihi pembeni, basi. Mtoto akabaki anashangaa, kwa sababu kanuni aliyopewa ameifuata neno kwa neno!

Ukweli ni kwamba -me- ya Kiswahili ni pana. "Amelala" hatumaanishi kwamba usingizi umekwisha, tunamaanisha yuko usingizini saa hizi. "Amevaa kofia", kofia iko kichwani sasa. "Amesimama", "amekaa", "nimechoka", "nimeshiba", "ameinama", vyote ni hali ambayo mtu ameingia na bado yumo. Kiingereza kikitaka kueleza hali kama hiyo mara nyingi kinatumia "is": anayelala "is sleeping", mwenye kofia "is wearing a hat", aliyechoka "is tired". Kwa hiyo swali la kumpa mtoto ni rahisi: huyu mtu bado yumo katika hali hiyo, au kitendo kimekwisha kikaacha matokeo? Bado yumo, jaribu "is". Kimekwisha, jaribu "has". Haifanyi kazi kila mahali ("nimeelewa" ni "I understand" tu, utafanyaje), lakini inamtoa mtoto kwenye shimo hata kama haimfikishi nyumbani.

Sasa oneni. Swali lile, "bado yumo?", analijibu kwa hisia ya lugha yake mwenyewe, hisia aliyonayo tangu akiwa na miaka mitatu. Ukimnyang'anya Kiswahili mlangoni umemnyang'anya na hiyo hisia, halafu unampa jedwali akariri. Ndiyo maana hasahau kukosea!

Kukanusha nako ni hivyo hivyo. "I did not went." Wadau, hata hapa kampasi ipo, tena kwenye prezentesheni za mwaka wa tatu, tusijifanye. Kila mwalimu anasema "ukishaweka 'did' kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la mwanzo", na kila mwanafunzi anaitikia "yes madam", na kesho "did not went" iko pale pale. Lakini mwandikie ubaoni: nilienda, sikuenda. Muulize, ile -li- imekwenda wapi? Ataangalia, atakwambia haipo, kuna -ku-. Haswa! -ku- imeshika zamu ya kubeba wakati uliopita, kwa hiyo -li- imepumzika. Hakuna Mswahili duniani anayesema "sikulienda". Basi "did" ndiyo -ku- ya Mwingereza. Ikiingia, "went" inavua sare na kurudi kuwa "go". Binti mmoja alipoliona hilo alipiga meza: "Kumbe na sisi tunafanya!" Ndiyo mdogo wangu, na sisi tunafanya, tulianza zamani.

Tena kuna ile "s" ya "he likes". Ni moja tu, haigawanyiki. "Does" ikitangulia imeshaichukua, kwa hiyo "Does he like", si "Does he likes". Hii tunaifundisha kwa kofia: ipo moja darasani, akivaa huyu yule anabaki kichwa wazi. Haina uhusiano na Kiswahili, inachekesha tu.

Kuhusu "he" na "she" sitachukua muda. Kiambishi chetu a- hakijali kama ni mwanamke au mwanamume. "Amekuja." Nani? Utajua akifika. Kwa hiyo mtu aliyekulia ndani ya "amekuja" anaposema "my mother, he is sick" hajachanganya mama yake na baba yake, jamani. Lugha yake haikuwahi kumdai taarifa hiyo. Mweleze kwamba Kiingereza kinadai, na kinadai pia kwenye "his" na "her", hapo utaona anaanza kusimama nusu sekunde kabla ya kutamka. Hiyo nusu sekunde ndiyo tunaitafuta. Na hiyo hiyo a- ndiyo inayozaa "my father he works in Tanga", kwa sababu sisi tukisema "baba anafanya kazi Tanga" tayari tumemtaja baba mara mbili, mara moja kwa jina lake na mara ya pili kwa a-.

Lakini lililonifanya niandike makala hii yote ni "a" na "the".

Mimi nimefundishwa "a" na "the" tangu darasa la tatu mpaka kidato cha sita na kila mwalimu alisema maneno yale yale: "a" ni kitu chochote, "the" ni kitu maalumu. Maalumu maana yake nini? Ng'ombe wa babu yangu ni maalumu? Kila mtu alikariri, akabahatisha, akasonga mbele. Kwa nini ni ngumu? Tunaambiwa ni kwa sababu Kiswahili hakina kitu kama hicho. Kinacho, ila kimekificha kwenye kitenzi!

Sikilizeni sentensi hizi mbili. "Nimeona gari." "Nimeliona gari." Ya kwanza, nakupa habari, kuna gari nimeliona huko, wewe hulijui. Ya pili, wewe na mimi tunajua ni gari gani, labda tulikuwa tunalisubiri. Hakuna mtoto wa barazani kwetu aliyekosea hilo. Niliwauliza: mtu akija mbio akikwambia "nimeliona gari!" wewe utamuuliza nini? Wakajibu kwa pamoja: "Gari gani?" Haswa. Kwa sababu ile -li- imewaambia kwamba wanatakiwa wawe wanalijua. Basi "nimeona gari" ni "I have seen a car", na "nimeliona gari" ni "I have seen the car". "Nunua kitabu", "buy a book". "Kinunue kitabu", "buy the book". Ukitoa mifano kumi ya namna hiyo, mtoto ameshika kiini cha "the" ambacho sisi wengine tumekitafuta miaka kumi. Haimalizi yote. Kwa nini unasema "the sun" bila kulitaja jua kabla, hilo ni la Jumamosi nyingine. Lakini mlango umefunguka, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake siku zote.

Na hapa nirudi kwa yule binti aliyepiga meza. Alipokuja kwetu mara ya kwanza alisema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba yeye hana kichwa cha lugha, ameshaambiwa hivyo shuleni. Ana miaka kumi na minne. Nikamwomba aniambie kwa Kiswahili kwamba amepoteza vitabu. Akasema, bila hata kufikiri, "vitabu vyangu vile viwili vimepotea." Nikaiandika ubaoni, nikapiga mstari chini ya kila vi- na kila vy-. Tano! Neno moja limebadilika na mengine manne yamejipanga nyuma yake kama gwaride, na yeye hakutoa hata jasho. Kiingereza katika sentensi ile hakimdai hata nusu ya hayo. Nikamuuliza nani aliyekufundisha. Hakuna. Basi usiniambie huna kichwa cha lugha. (Mnaona sasa, nilisema ngeli za KI-VI zitajitokeza.) Sasa huyu ndiye tunataka tumvalishe kibao?

Kibao, wadau. Tusijifanye hatujui kilikotoka. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake cha 1986, "Decolonising the Mind", jinsi watoto wa Kenya wakati wa ukoloni walivyochapwa au kuvalishwa bamba shingoni lenye maneno ya kuwatukana kwa kosa la kuongea Kigikuyu eneo la shule, na jinsi walivyofundishwa kuwindana, kila mmoja akitafuta wa kumkabidhi. Ni mchezo ule ule, "mpaka amkamate mwenzake". Mtoto hajifunzi Kiingereza kwa kibao. Anajifunza kunyamaza, maana asiyesema hatelezi.

Na kunyamaza tunakujua sisi. Angalieni semina zetu wenyewe. Kuna watu humu wana akili za kutisha, ukikaa nao kantini wanachambua mada mpaka chai inapoa, lakini ndani ya semina huwasikii. Wanaitunga sentensi kichwani, wanahesabu kama ni "has" au "have", wakimaliza kuhesabu mada imeshahamia kwingine. Mwisho wa muhula alama za ushiriki zinakwenda kwa wale wale wanne. Kuna rafiki yangu ambaye mpaka leo anaandika swali lake kwenye karatasi na kunipa mimi niulize. Hajakosa Kiingereza kabisa, anaandika vizuri kuliko mimi. Alichekwa mara moja kidato cha pili, ikatosha.

Najua jibu la mwenzangu mwenye hoja, na ni jibu zuri, siwezi kulipita. Anasema: mbona watoto wa akademia wanaongea kama maji, na wao Kiswahili marufuku? Kweli wanaongea. Lakini mtoto wa akademia ameanza na miaka mitatu au minne, anakisikia Kiingereza siku tano kwa wiki, ana vitabu vya hadithi, na nyumbani wengi wao wana katuni na mzazi wa kujibizana naye. Amekunywa lugha kabla ya kuulizwa grama. Sisi tuna saa mbili za Jumamosi! Huwezi kumwogesha mtu kwa kikombe cha maji ukategemea ajue kuogelea. Mwenye kikombe kimoja inabidi akitumie kwa akili, na kutumia kwa akili ni kueleza jambo kwa lugha inayoeleweka, ukaokoa dakika arobaini za kubahatisha.

Halafu kuna jambo huwa linanichekesha sana. Waingereza wenyewe walipotaka kujifunza Kiswahili, walikatazana Kiingereza? Wapi! Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alikieleza kwa Kiingereza. Sarufi ya Ashton ya mwaka 1944, ambayo watu wa isimu hapa kampasi bado wanaitaja, imeeleza ngeli zote, viambishi vyote, -me- na -li- na hu-, kwa Kiingereza, kwa sababu wasomaji wake walikuwa Waingereza na ilibidi waelewe. Hakuna padri wala bwana shauri aliyevalishwa kibao. Wao walipewa ngazi. Sisi tunaambiwa turuke.

Sisemi Kiswahili kinaeleza kila kitu. Kuna mahali kinakuacha njia panda. Chukua -ni ya mahali: mezani, nyumbani, mfukoni. Kiingereza kinataka "on the table", "at home", "in the pocket", vitatu tofauti. "Yumo" inakusaidia kidogo, ukiona -mo jaribu "in", lakini zaidi ya hapo ni kusikia na kuzoea. Matamshi nayo, hakuna maelezo yatakayomsaidia mtu kutofautisha "ship" na "sheep", ni kutamka mpaka ulimi uchoke. Na kuna yale majibu ya "yes" na "no" yanayotusumbua hata ukubwani: mtu wa dirishani anakuuliza "You have not registered?", wewe unajibu "Yes" ukimaanisha ndiyo, sijajisajili, yeye anaelewa umeshajisajili, anaita anayefuata. Hilo mtoto atalielewa ukimweleza kwa dakika moja ya Kiswahili, lakini ulimi wake utahitaji miezi.

Kwa hiyo na mimi nina pendekezo langu la Jumapili. Saa nzima ya kwanza na robo tufundishe grama kwa lugha zote mbili, sentensi ya Kiswahili kushoto ubaoni, ya Kiingereza kulia, mishale katikati. Robo tatu inayobaki iwe Kiingereza kitupu, lakini cha michezo: duka la kuigiza, daladala la kuigiza na konda wake, kuulizana njia. Humo akikwama aruhusiwe kusema neno moja la Kiswahili, mwenzake amtafsirie, waendelee. Hakuna faini, hakuna kuwindana. Tujaribu muhula mmoja, tuwape jaribio lile lile mwanzo na mwisho, tuone. Kama nimekosea matokeo yatasema yenyewe, na kibao kipo, hakiozi.

Na jambo moja la mwisho kwa wenzangu sita: mama mwenye baraza hajui Kiingereza. Huwa anakaa pale pembeni anachambua mchele huku anatusikiliza, na wiki mbili zilizopita nilimsikia akimwambia jirani yake kuwa "did" ni sawa na -ku-. Tukipitisha marufuku, nani atakwenda kumwambia kwamba kwenye baraza lake mwenyewe asiongee? Mimi siendi.

Kikao ni Jumapili saa kumi jioni, pale pale. Mliokuwa mnasema mnataka kujitolea njooni, mtapata na kura. Na mwenye boksi la chaki nyeupe naomba asikose kulileta, za rangi zimebaki mbili na ya njano haionekani ubaoni.